Fungu la Boila

Wifi yangu anaogopa. Sisemi habari za mende na panya, hao tumeshawazoea sote. Anaogopa lifti, anaogopa mbwa aliyefungwa mnyororo, anaogopa simu ikiita asubuhi na mapema, maana kwa akili yake simu ya mapema haiwezi kuwa na la heri. Mvua ikinyesha hutoka nje kutazama kama ukuta wa jirani bado umesimama. Siku kaka yangu alipomleta nyumbani kumtambulisha, aliketi kwenye ncha ya kiti kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari, na mimi nikajifungia jikoni nikacheka mpaka mama yetu akanifinya. Mdomo wangu hauna breki, na wifi ni halali yangu kumtania, basi nimemtania tangu siku ile, naye hucheka huku akiutazama mlango.

Woga ule haukuanguka kutoka mbinguni. Alilelewa na shangazi yake, mwanamke aliyekuwa akigombana hata na redio. Katika nyumba ile mtoto aliyepoteza kitu alikiona cha mtema kuni, kwa hiyo alijifunza mapema kuhifadhi: kifuniko cha kalamu, chenji ya dukani, na kile kikaratasi cha kuonyesha chenji ilikuwa kiasi gani. Alipomaliza shule alipata kazi ya tarishi kwenye kiwanda cha mablanketi, na haikuchukua muda wakubwa wakagundua kwamba karatasi ikipita mikononi mwa binti huyu haipotei. Wakampeleka idara ya ununuzi. Huko ndiko alikobaki, akizeekea kati ya oda na ankara, akizunguka kila idara na mfuko wake wa plastiki kukusanya risiti, mpaka kiwanda kizima kikamwita Mama Risiti. Niliwahi kumuuliza anapenda nini katika kazi kavu kama ile. Alisema karatasi hazipigi kelele.

Kaka yangu naye yupo kiwanda hichohicho, au tuseme alikuwepo. Yeye alikuwa mtu wa boila. Kwa asiyeijua, boila ni pipa la chuma, refu kuliko chumba changu cha kushonea, linalochemsha maji mpaka yawe mvuke, na mvuke ule unapita kwenye mabomba kwenda kupasha moto matangi ya rangi na mashine za kukaushia. Juu ya pipa kuna vali ya usalama. Mvuke ukizidi, vali inafunguka yenyewe na kuutoa nje. Vali ikigoma kufunguka, mvuke hutafuta njia nyingine, na mtu wa kwanza kukutana nao ni yule aliyekaa pembeni kwenye kigoda. Kigoda kile kilikuwa cha kaka yangu.

Sasa kuna desturi moja ya kiwanda kile ambayo lazima niieleze, la sivyo hutaelewa chochote. Kila kinachonunuliwa huandikwa chini ya fungu lake la fedha: nyuzi na fungu lake, rangi na fungu lake, ofisi na fungu lake. Ukitaka balbu unajaza fomu, fomu inapanda ghorofani, inalala huko, inarudi na swali, inapanda tena. Mtu anaweza kuomba kiti akastaafu hakijafika. Lakini boila ilikuwa mtoto wa kupendwa. Meneja mmoja wa zamani, baada ya kiwanda kusimama kwa kukosa kipuri kidogo tu, aliamuru kwamba ombi lolote la boila lipitishwe siku hiyohiyo bila maswali. Meneja akaondoka, amri yake ikabaki, na watu si wajinga.

Ilianza na sukari ya chai. Idara ya rangi ilikosa sukari, mtu akaandika kwenye fomu "gasketi za boila," fomu ikapita kama mshale, jioni watu wakanywa chai. Kisha ikawa majani ya chai, sabuni ya msalani, feni ya ofisi ya mhasibu, machela ya chumba cha huduma ya kwanza. Wenye maduka nao, ili biashara iende, wakaandika kwenye ankara kile walichoombwa waandike. Na hakuna aliyebeba kitu kwenda nacho nyumbani. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wetu wakisikia habari za ununuzi akili zao zinakimbilia kwenye wizi. Vitu vilikuwepo, vinaonekana, vinatumika. Ila kwenye karatasi vyote vilikuwa vipuri vya boila.

Kanuni moja tu haikuwa na njia ya kuikwepa: kipuri cha boila kipokewe na mtu wa boila. Kwa hiyo kila karatasi ilipelekwa kwa kaka yangu, na kaka yangu, mtu wa watu, asiyejua kusema hapana hata kwa muuza bahati nasibu, akasaini. Leo mpishi wa chai anamwomba, kesho nesi anamwomba, atamkataa nani? Hata wifi mwenyewe alikuwa akijua. Aliniambia idara yake ilishaagiza mapazia kwa njia hiyo, na wiki ile hakulala vizuri.

Miaka ikaenda hivyo. Halafu akaja meneja mkuu mpya, kijana mwenye haraka, na nyuma yake akaleta mtaalamu. Mtaalamu alikuwa mwanamke mpole, mwenye viatu visivyotoa sauti, na kazi yake ilikuwa kukitazama kiwanda kinanunua nini, kwa nani, kwa bei gani, na kwa nini kitu kilekile kinanunuliwa kwa watu wengi kwa bei tofauti. Alikuwa na kompyuta na akili zake timamu, lakini hakuwa na data. Data ilikuwa imelala kwenye makabati, kwenye maboksi chini ya meza, kwenye droo za wakuu wa idara. Akauliza ni nani anayejua zilipo. Vidole vyote vikamwelekea Mama Risiti.

Basi wifi yangu akapewa kompyuta yake, akaelekezwa jinsi ya kujaza jedwali: tarehe, muuzaji, kitu, idara, fungu, nani alipokea. Akaanza kuzunguka na mfuko wake. Na kila alipoingia, kabla hajaketi, mkuu wa idara alifunga mlango. Bwana wa rangi alimwambia kwa sauti ya chini kwamba kuna gasketi kidogo kwenye makaratasi yake ambazo, tuseme ukweli, ni mabuti ya mpira ya vijana wake, asichimbe sana hapo. Nesi alimshika mkono akamwomba asamehe machela. Mhasibu, mtu mzima mwenye mvi, aliizima feni wifi alipoingia, kana kwamba feni ile ingetoa ushahidi. Kila mmoja alimwapia kwamba ni idara yake tu iliyofanya hivyo, tena mara mojamoja, shida ilipozidi.

Pale ndipo hofu ilipomwingia, na safari hii haikuwa ya mbwa wala lifti. Kila mtu alikuwa na kipande chake kidogo, na hakuna aliyewahi kuviweka vipande vyote pamoja mezani. Yeye ndiye aliyekuwa akiviweka. Aliona jedwali linavyojaa, boila, boila, boila, na kwenye safu ya aliyepokea, jina la mumewe kutoka juu hadi chini. Alipofika kwenye shada la maua la mfanyakazi aliyefariki mwaka juzi, akaona limeandikwa "vali ya usalama," alitoa mikono yake kwenye kompyuta akaificha chini ya meza. Alikuja kwangu mchana ule, nikiwa nashona sare za shule, akasimama katikati ya vitambaa akasema, "Wifi, shada la maua ni vali." Nilidhani ana homa.

Hata hivyo aliandika kama karatasi zilivyosema. Alijiambia kazi yake ni kukusanya, kuchambua ni kwa mtaalamu. Alikabidhi jedwali, akaomba Mungu mtaalamu awe mvivu.

Mtaalamu hakuwa mvivu. Ijumaa wakuu wote waliitwa kwenye chumba cha mikutano, na wifi akakalishwa nyuma na maboksi yake, endapo patatakiwa karatasi. Kwenye ukuta kukatokea duara la rangi, limekatwa kama keki, na kipande kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha boila. Mtaalamu alikinyooshea kidole, akauliza kama kuna mtu anayeweza kumweleza kwa nini boila moja inakula kiasi hicho. Aliuliza vizuri, bila kumtuhumu mtu. Wakuu wa idara wakaitazama meza. Bwana wa rangi akakohoa. Mhasibu akafuta miwani, akaivaa, akaivua akafuta tena.

Kimya kile meneja mkuu alikielewa anavyotaka yeye. Akasema basi hizo ni habari njema, maana ni wazi boila imefanyiwa ukarabati wa nguvu, ni boila mpya ndani ya ganda la zamani. Kiwanda kilikuwa kimepata oda kubwa ya mablanketi ya hospitali, na idara ya rangi siku zote inalalamika mvuke hautoshi. Akaamua mambo mawili hapohapo. Fungu la boila lifungwe mwaka mzima, limeshakula vya kutosha. Na kuanzia Jumatatu boila ipandishwe presha.

Wifi yangu alikuja moja kwa moja kutoka kazini hadi kwangu. Uso wake ulikuwa hauna damu. Alinieleza yote. Nilimuuliza tu kama kati ya vali zote zile zilizoandikwa kuna hata moja iliyofika kwenye boila. Akasema hajui. Alijua vali moja ni maua, nyingine ni mapazia. Tukafunga mlango wa chumba cha kushonea, tukaenda kwao kumsubiri kaka.

Kaka aliingia akiwa na furaha, ananukia mafuta ya mashine, akawatania binti zake wawili, kisha akaenda kunawa kwenye bomba la uani. Wifi alimfuata akasimama nyuma yake na taulo. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa jiko, namwona kila mmoja.

"Baba watoto," akasema, "ile vali ya usalama ya boila ilibadilishwa lini?"

Kaka aliendelea kunawa. Alinawa viganja, akanawa vifundo, akapanda mpaka viwiko, mikono iliyokwisha kutakata zamani.

"Kwenye karatasi," akauliza, "au kwenye boila?"

Wifi alimpa taulo, na kaka akaketi kwenye ngazi ya uani akaeleza huku akijifuta kidole kimoja kimoja. Vali ile ilikuwa ya tangu boila inaletwa. Zamani ilikuwa ikivuja kidogo, inatoa mvuke na kulialia, na hiyo haikumsumbua, maana vali inayovuja angalau inapumua. Baadaye ikaacha kuvuja. Watu walidhani imepona. Yeye alijua imeganda kwa chumvi ya maji. Akajaza fomu, safari hii ya kweli, akaomba vali mpya. Mtunza stoo akaja na faili akamwonyesha, tena kwa huruma, kwamba ameshasaini kupokea vali nne. Akamwambia akiipeleka fomu hii juu, wataulizwa zile nne ziko wapi, na watajibu nini? Kaka akaichana fomu yake mwenyewe. Hata mkaguzi wa usalama alipokuja alionyeshwa karatasi, akaona vali mpya, akanywa chai akaondoka. Chai ya fungu la boila.

"Kwa hiyo unafanyaje?" wifi akamuuliza.

"Naangalia geji ya presha. Siondoi macho. Macho yangu ndiyo vali."

"Na ukipiga chafya?"

Kaka alitaka kucheka, kicheko kikamkwama. Tulikuwa tumezoea yeye ndiye jabali la nyumba na mkewe ndiye wa kutetemeka, na sasa nilimtazama nikaona mtu aliyekwenda kazini miaka na miaka akiwa tumbo joto, akirudi nyumbani kututania. Mkewe akamwambia amri ya Jumatatu. Akasema ameshaambiwa. Atapandisha kidogo kidogo, ataisikiliza. Kisha akamshika mkono, na sauti yake ikabadilika.

"Ukisema, mama, nimekwisha. Wengine waliomba tu. Aliyesaini ni mimi. Watasema nilipokea vali nne nikaziuza, na nani atabisha?"

Aliingia ndani. Sisi wawili tukabaki uani tukitazama maji yanavyotiririka, maana hakuna aliyekumbuka kufunga bomba.

Siku mbili zile sitazisahau. Mimi ni mtu wa kugomba nikiogopa, basi niligomba na kila mteja, nikapindua suruali ya mwalimu mmoja ndani nje nikaishona hivyohivyo. Niliogopa akisema, kaka yangu ataozea jela. Niliogopa asiposema, tutamzoa kaka kwa koleo. Sikuweza kumshauri kitu, na naona aibu gani kukiri kwamba nilikuwa najionea huruma mimi mwenyewe kuliko yeye? Wifi hakuomba ushauri. Alipika, alifua, aliwasuka binti zake. Jumapili mchana maharage yalikuwa motoni, kifuniko cha sufuria kikaanza kurukaruka kama kawaida ya kifuniko, akakimbia akakiondoa kwa mkono mtupu. Aliungua vidole. Maharage yalipikwa wazi mpaka yakaisha maji, na kaka aliyala bila kuuliza.

Jumatatu kaka alitangulia kwenda kuwasha. Boila haipandi kama birika, inachukua asubuhi nzima, na wifi alilijua hilo. Alivaa, akaweka vizuri kitambaa kichwani, akaenda kazini kwa miguu akiwa na roho mkononi. Hakupita mezani kwake. Alikwenda kwenye chumba cha mtaalamu, akamwambia anaomba wapande wote kwa meneja mkuu, kwa sababu peke yake hataweza, atageukia ngazini. Mtaalamu alimtazama usoni, akafunga kompyuta yake, akainuka. Hayo alinieleza mtaalamu mwenyewe baadaye, alipokuja kushonesha gauni. Alisema ngazini ilibidi amshike mwenzake kiwiko.

Mbele ya meneja mkuu sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Kwenye fungu la boila," akasema, "hakuna boila."

Meneja hakuelewa. Wifi akaanza kumtajia: kuna sukari, kuna sabuni, kuna mabuti, kuna mapazia ya idara yake yeye mwenyewe, kuna machela, kuna shada la maua. Alivitaja kwa mpangilio, idara kwa idara, bila kushika karatasi, huku machozi yakimtiririka na yeye hayafuti. Akasema vali ni ileile ya zamani na imeganda. Meneja mkuu aligeuka rangi. Alisikia kile ambacho kila meneja angesikia, kwamba ameibiwa, na mkono wake ukaenda kwenye simu kuwaita walinzi.

"Nani alipokea hivyo vyote?" akauliza. "Saini ya nani?"

Hapo wifi yangu angeweza kusema majina ya wakuu wote wa idara, na asingekuwa amesema uongo. Angeweza kusema hakumbuki.

"Ya mume wangu," akasema. "Yuko kule sasa hivi, amekaa pembeni yake. Naomba uizime kwanza, halafu utuulize."

Meneja alibaki ameshika simu. Mtaalamu akasema taratibu kwamba mwizi anaweza kusubiri saa moja, mvuke hausubiri. Meneja akapiga simu kwenye chumba cha boila badala ya walinzi. Kaka alipoambiwa azime, hakuuliza amri imetoka kwa nani. Alikata moto, akasimama na geji yake mpaka mshale ukaanza kurudi chini, kisha akatoka nje akakaa kwenye jua na kofia usoni.

Ilipopoa, fundi wa karakana aliing'oa vali, akaipeleka mezani kwake akaifunga kwenye pampu ya kupimia. Wakuu wote wa idara walikuja kutazama, hakuna aliyewaita. Fundi akapandisha presha mpaka pale ambapo vali ilipaswa kufunguka. Haikufunguka. Akapita pale. Akafika kwenye kiwango walichokuwa wanakitaka siku hiyo, akapita tena. Vali ilikaa kimya. Mwishowe akaifungua kwa tindo na nyundo, ndani yake kukawa na kitu kama saruji. Bwana wa rangi alikwenda nyuma ya ukuta akatapika, na matangi yake ndiyo yaliyokuwa karibu zaidi na lile pipa.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Mtaalamu alikaa na wifi siku kadhaa, wakaipanga upya data yote, kila kitu kikarudishwa kwenye fungu lake halisi, na walipokwenda kuvihesabu vitu vilikuwepo, feni inazunguka, mapazia yananing'inia. Kwa hiyo ya jela yakaisha. Wakuu wa idara walipewa barua za onyo, kwa sababu walikuwa wengi na kiwanda hakiwezi kujifukuza chenyewe. Mtu mmoja tu alifukuzwa. Chai walikunywa wote, ila saini ilikuwa moja.

Kaka hakupiga kelele nyumbani. Ningependa angepiga, kelele ninazijua. Alinyamaza. Alikuwa akiongea na binti zake, akiongea na mimi, lakini na mkewe hasemi. Akitaka chumvi anamwambia mtoto amwambie mama. Asubuhi wifi alikwenda kazini kwenye kiwanda kilekile, akapita getini ambapo watu walikuwa wamegawanyika, nusu wanamsalimu kwa heshima, nusu wanatazama pembeni, na jioni alirudi kwenye nyumba ambamo mtu mmoja hamwoni. Akakonda. Akawa anaogopa kitu kimoja tu, kwamba siku moja atarudi akute nguo za mumewe hazipo kabatini. Alikuwa akifungua kabati kabla hajavua viatu.

Alikuja kuniuliza, "Wifi, nilimwokoa au nilimuuza?"

Nikamwambia vyote viwili. Sijui kudanganya, na yeye hakuja kutafuta uongo. Alitikisa kichwa, akanisaidia kukunja vitambaa, akaenda zake.

Kisha kaka akapata kibarua kwenye kiwanda cha kufulia mashuka, kina boila ndogo. Nilimpunguzia suruali ya kazi, na siku yake ya kwanza nilikwenda jioni kuona kama imemkaa. Nilimkuta wifi anatenga chakula. Alikuwa ameshinda siku nzima akijua mumewe yuko pembeni ya pipa lingine asilolijua, na hakuwa na ruhusa ya kuuliza. Kaka akaingia, akanawa, akaketi. Akala tonge kadhaa. Binti mkubwa akasubiri atumwe chumvi.

"Asubuhi wameniambia niwashe," kaka akasema. Alikuwa anaitazama sahani, lakini hakuwa anaongea na mtoto. "Nikasema siwashi mpaka nione vali yao ikifunguka. Wakaniuliza wewe fundi wa siku zote hizo, kwa nini huwashi?"

Wifi alisimama na bakuli la mchuzi, hathubutu kuliweka chini.

"Nikawaambia naogopa."

Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa kaka yangu, tangu tukiwa wadogo. Mkewe akauliza kwa sauti ambayo karibu haikusikika, "Wakasemaje?"

Kaka akainua uso akamtazama, yeye mwenyewe, machoni.

"Wakaenda kuleta fundi aipime vali," akasema. "Kaa ule, mama, chakula kinapoa."